Bei ya Safu ya Mwisho

Wageni wa msiba walipokwisha kuondoka na viti vya kukodi vikarudishwa kwa wenyewe, mama alitandika shuka jeupe sakafuni, akamwaga juu yake sarafu zote za baba, akaanza kuzisugua.

Mimi nilikaa nimeegemea ukuta nikimtazama. Nilidhani atasugua mbili tatu, aache. Hakuacha. Mama alifanya kazi hotelini tangu ujana wake, chumba cha nyuma, kung'arisha vijiko, uma, vitasa vya milango na kengele ya mapokezi. Ana unga wake wa pinki anaoufunga kwenye kitambaa, analowesha kidogo, halafu anasugua kwa kidole gumba akizungusha. Akiwa na furaha anasugua. Akigombana na baba alikuwa anasugua. Sasa alikuwa amefiwa, na machozi yalikuwa hayajamtoka hata siku moja.

“Kausha,” aliniambia, akinirushia taulo. “Usiache maji, yanaacha alama.”

Nikakausha. Sarafu ziliingia mikononi mwake nyeusi na kahawia, zikatoka za njano, nyingine nyeupe kama meno ya mtoto. Nilikuwa sihisi kitu. Mikono ilifanya kazi yake, na mimi nilikuwa mahali fulani nyuma ya mikono.

“Baba yako hakuwahi kuniachia nizishike,” mama alisema. “Kila siku, zina mpangilio wake, zina mpangilio wake. Mpangilio gani huo, zimejaa masizi kama sufuria ya shuleni.”

Alipomaliza alizipanga upya kwenye sanduku la baba, kila moja kwenye kitundu chake, akalifunga, akalipangusa na mfuniko wake. Kisha akasema, “Sasa amezikwa vizuri.”

Baba alikuwa mshika fedha kwenye kiwanda cha mikate. Alikaa kwenye kidirisha chenye nondo, wachuuzi wakimletea chenji za asubuhi, na kila alipoona sarafu ya zamani au ya ugenini imejipenyeza, aliitoa na kuweka ya kwake kutoka mfukoni. Hakuiba hata siku moja, alibadilisha tu. Wenzake walimcheka, eti huyu anatoa pesa inayonunua mkate anachukua isiyonunua hata kiberiti. Lakini baba alikuwa na kitabu. Kinene, jalada jekundu, kimeandikwa juu kwa dhahabu kwamba ndani yake mna bei za sarafu za kale za dunia nzima. Jioni alikifungua mezani kama watu wengine wanavyofungua redio. Hakuuza hata moja. Alisema bei imo kitabuni, inakaa salama humo, haina wa kuipunguza. Na wageni wakija alipenda kuwaambia, “Sisi tuna nyumba mbili. Hii tunayolala, na ile iliyomo kabatini.”

Tulilisikia neno hilo miaka mingi mno. Ndilo lililotugawa.

Baba mdogo alikuja kugawa mali. Mali yenyewe ilikuwa vyumba vinne na ukumbi, chini ya bati, na lile sanduku. Sisi watoto tuko wawili, mimi na kaka. Kaka ni fundi friji. Amepanga karakana mbali na anapoishi, watoto wake wanalala chumba kimoja na wazazi, na kwa miaka alikuwa anaitazama ile nyumba yetu kama mtu anayetazama kiti kitupu kwenye foleni. Simlaumu. Mimi sijaolewa, nakaa na mama.

“Tukadirie,” baba mdogo alisema. “Kila kitu kina bei yake.”

Bei ya nyumba kaka alikuwa nayo tayari, alishamwuliza dalali. Ikabaki bei ya sanduku, na kitabu kilikuwepo pale pale. Kaka akasoma, mimi nikamtolea sarafu mojamoja. Kila sarafu ina mstari wake, na kila mstari una safu nne za bei. Ya kwanza ni ya iliyolika, ya pili ya iliyo nzuri kiasi, ya tatu nzuri sana, na ya mwisho ni ya ile isiyotumika kabisa. Kutoka safu ya kwanza kwenda ya mwisho bei inapanda mara kumi, mara ishirini.

“Hii tuiweke safu gani?” kaka aliuliza, akiishika ya kwanza.

Baba mdogo aliitazama. Ilimrudishia mwanga wa dirisha usoni. “Hiyo unauliza nini? Hiyo mpya kabisa.”

Basi tukasoma safu ya mwisho, tangu sarafu ya kwanza mpaka ya mwisho.

Kaka hana hesabu nyingine duniani isipokuwa ya friji. Alikuwa anataja, “Hii friji mbili. Hii friji moja na kompresa. Hii, jamani, friji sita, za milango miwili.” Mama alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Kufika mwisho sanduku lilikuwa limekuwa zito kuliko nyumba, kidogo tu, na kaka akasema yeye hana kinyongo, ziada ni ya mama. Ikakubaliwa. Kaka achukue nyumba. Mama na mimi tuchukue sanduku, tuuze, tununue nyumba ndogo mahali pengine. Tutahama shule zikifungwa, watoto wa kaka wapate kuhamia.

Mama aliitikia kwa kichwa. “Baba yenu aliniambia. Iko kabatini.”

Usiku ule ule alianza kutaja dirisha. Nyumba yetu mpya iwe na dirisha la jikoni linaloingiza jua la asubuhi.

Siku yangu ya mapumziko nilikwenda kwa muuza sarafu za kale mmoja. Duka lake liko ghorofani, juu ya mshona viatu, ngazi nyembamba yenye harufu ya gundi. Gundi haikunisumbua. Mimi nafanya kazi kwa wachapaji, chumba cha kufungia vitabu, nakunja, napanga kurasa, napaka gundi, nabana. Nimemaliza shule ya msingi tu, lakini vitabu nimevishika vingi kuliko mwalimu wangu.

Mzee mwenyewe alikuwa amevaa miwani machoni na nyingine paji la uso. Moyoni nikamwita Miwani Mbili.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, binti. Umeleta au umekuja kununua?”

“Nimeleta.”

Nikafungua sanduku. Akainama, akashusha ile miwani ya juu ikakaa mbele ya ile ya chini, akatoa moja, akaigeuza. Akatoa nyingine. Alitoa tano sita, kila moja akairudisha polepole, kama mtu anayefunika chakula kilichoharibika asimwaibishe mpishi.

“Nani amezisugua?”

“Mama.”

“Mama anapenda usafi.”

“Sana.”

Akavuta stuli akakaa. “Sikiliza, binti. Sarafu ina ngozi. Inaota taratibu, miaka mingi, na mnunuzi wa vitu hivi ananunua ngozi hiyo. Hizi zimechunwa. Tazama.” Akanipa kioo cha kukuzia. Kwa macho tu zilikuwa kama jua. Chini ya kioo zilikuwa na mikwaruzo midogo, maelfu, yote inazunguka. Niliujua mzunguko ule. Ni wa kidole gumba cha mama.

“Kitabu kinasema hii ni mpya,” nilisema. Nikakitoa na kitabu, nikamwonyesha safu ya mwisho.

“Kitabu hakijaiona hii. Mliokiambia kitabu kwamba ni mpya ni nyinyi.”

“Basi tuichukue safu ya tatu.”

“Hata ya kwanza siwezi kukupa.” Hakusema kwa ubaya. Akainuka, akachukua kwenye rafu kitabu kama cha baba, jalada la kijani, kipya, mwaka wa juzi juzi umeandikwa pale mbele. “Mimi hapa ninacho kipya. Hata hiki sikifuati.”

Nikakiweka kando ya cha baba. Sikutazama bei. Nilitazama jinsi kilivyofungwa, ni mazoea. Kisha nikafungua ukurasa wa sarafu za shaba kwenye vyote viwili. Katika kitabu cha baba, mstari unaotenga safu ya pili na ya tatu umekatika mahali, kama unywele ulioangukia bamba la kuchapia. Katika hiki cha kijani ulikatika hapo hapo. Nikafungua kwingine. Doa la wino lililokuwa pembeni ya cha baba lilikuwa pembeni ya hiki.

“Mzee, hiki si kipya,” nilisema. “Ni kile kile kimebadilisha nguo.”

Miwani Mbili akacheka, bega likapanda na kushuka. “Unafanya kazi wapi wewe?”

“Kwa wachapaji. Sisi tulichapa orodha ya bei za vipuri namna hii. Tajiri alituambia tubadilishe mwaka tu, tumbo, yaani kurasa za ndani, tuliache lilivyo.”

“Sasa umenielewa kabla sijasema.” Akaketi tena. “Aliyekiandika alikuwa na duka kama langu. Aliandika bei alizotamani kuuzia. Alizonunulia hakuandika hata moja. Nyingine humo hazijawahi kupita sokoni tangu nizaliwe, alikadiria tu, mwaka uliofuata akaongeza kidogo ili kitabu kisionekane kimelala. Akafa. Sasa mwanawe anabadilisha jalada.”

“Na wewe unakiuza.”

“Watu wanakitaka. Na kina faida yake, usikitupe. Kitakwambia sarafu ilitolewa mwaka gani, na zilitolewa ngapi, alama zake ni zipi. Hayo ni kweli. Zile za kawaida zinazouzwa kila wiki, bei zake nazo ziko karibu na kweli, ukate nusu, maana mimi nami nile. Lakini zile kubwa, hizi alizokuwa anazipenda mzee wako, bei yake ni matumaini yaliyochapwa.”

“Utanipa ngapi?”

Akazipima. Akaweka za fedha upande, za shaba upande, akazipima kwa uzito kama misumari. Akataja. Kwa lugha ya kaka ilikuwa friji moja ya mtumba, bila kompresa.

Nilifunga sanduku. Nikasimama, nikakumbuka kitu. “Na kama asingezisugua?”

“Usiniulize hilo, binti.”

“Nauliza.”

Akavua miwani zote mbili. “Nyumba isingefika. Kodi ya miaka kadhaa mahali pazuri, hiyo mngepata.”

Nikamshukuru, nikashuka ngazi. Nilingoja nilie, sikulia. Nilihisi kama mguu ulioukalia mpaka ukafa ganzi, unaujua uko pale kwa kuutazama tu. Nikapita sokoni nikanunua sabuni, kwa sababu sabuni ilikuwa imekwisha.

Nyumbani mama alikuwa anafunga glasi kwenye magazeti.

“Wamesemaje?”

“Wanatafuta bei bado.”

“Wameona zilivyotakata?”

“Wameona.”

Akatabasamu, akaendelea kufunga. Nilitaka kumwambia kuhusu kitabu. Kitabu ningeweza kukisema. Lakini ukianza na kitabu mtu anauliza, basi angalau safu ya kwanza, na hapo utaingia kwenye kidole gumba, na hakuna njia ya kutokea. Kwa hiyo nilikaa chini nikamsaidia kufunga vitu vya kuhamia mahali ambapo hapakuwepo.

Siku zilikwenda hivyo. Nilikwenda kazini, nikapaka gundi, nikarudi. Nilikuwa nimeshaulizia chumba kimoja nyuma ya kiwanda chetu, hakina dirisha kabisa, achilia mbali la jua.

Ndipo kaka akaja na mkewe. Wifi yangu hukaa kwanza, husalimia baadaye. Akanitazama kuanzia miguuni.

“Wifi, umenawiri. Kumbe utajiri unaanzia kwenye ngozi.”

“Karibu, wifi.”

“Wenzetu mmepewa benki. Sisi tumepewa bati linalovuja na ukuta una ufa, mtu anapitisha mkono. Fundi amekuja kutazama, ametutajia ukarabati, nikamwambia mume wangu, kwa pesa hiyo si bora tujengewe mpya.”

Kaka alikuwa anatazama sakafu. “Mama, nimefikiria,” alisema. “Hii nyumba umeizoea. Wewe na mdogo wangu mnazijua kona zake. Tubadilishane. Nyinyi mbaki, mimi nichukue sanduku. Nitanunua kiwanja, nijenge na karakana humo humo.”

Mama alimtazama, akanitazama mimi. Glasi ilikuwa mkononi mwake, nusu imefungwa. Nilimwona anavyoishika ile glasi.

“Kaka, njoo nje kidogo,” nilisema.

Tukasimama bombani. Nikafungua maji ili sauti isifike ndani.

“Usibadilishe. Lile sanduku halina kitu.”

“Halina kitu vipi? Tulisoma wote.”

“Nimekwenda dukani. Kile kitabu bei zake si bei. Ni mtu alikuwa anatamani. Kipya nacho ni cha zamani, wamebadilisha jalada. Na hata zingekuwa bei, ile safu ya mwisho si yetu. Zimesuguliwa.”

“Si ndiyo zimekuwa mpya?”

“Ndiyo zimeharibika. Mnunuzi anataka zile zenye weusi wake.”

Kaka alicheka. Ndiyo mara ya kwanza kumwona akicheka tangu msiba. “Mdogo wangu, mimi kazi yangu ni hiyo. Naokota friji imeoza, ina kutu, ina mende. Naisugua, naipiga rangi, nauza mara tatu yake. Wewe unaniambia kuna mtu anataka mende wake?”

“Sarafu si friji.”

“Kila kitu ni friji.”

“Nenda kwa yule mzee kwanza. Juu ya mshona viatu. Muulize mwenyewe, ndipo uje tubadilishane.”

Akanitazama vingine. “Kwa nini hutaki?”

“Nataka. Hujui navyotaka. Ndiyo maana nakwambia.”

Wifi alikuwa ameshafika mlangoni. “Mume wangu, anakuzuia kwa sababu ameshaonja. Mtu hakuzuii kula kibovu kwa nguvu namna hiyo.”

“Wifi, mpeleke mumeo dukani.”

“Kwa huyo mzee mliyekwisha kupatana naye?”

Nilimwambia kaka tena, kwa maneno mengine, na tena bila maneno mengi. Kila nilivyozidi kusema, ndivyo uso wake ulivyozidi kufungika. Baba alimwambia, baba mdogo alikadiria, kitabu kilichapwa, chuma kinang'aa. Upande wangu nilikuwa mimi tu na maji yanamwagika. Nikafunga bomba.

“Basi sawa,” nilisema.

Baba mdogo aliitwa tena. Alikuja amechoka. “Nyinyi wawili mtanimaliza. Kesho mtaniita mbadilishane mito ya kulalia.” Lakini alisimamia. Nikasema mbele yake pia kwamba nimekwenda dukani na sanduku halifiki bei ya kitabu. Kaka akasema amesikia na ameridhika. Hati ya nyumba ikarudi kwa mama. Kaka akalibeba sanduku kwa mikono miwili kama mtoto aliyelala, wifi akakibeba kitabu.

Mama alikaa muda mrefu. Kisha akaanza kuzifungua glasi, moja moja, akanyoosha na magazeti.

Kaka alirudi baadaye, alasiri moja, peke yake. Alikuwa na sanduku. Aliliweka mezani, akavuta kiti akakaa bila kuambiwa karibu. Mimi nilimtazama, naye akanitazama, na kutazamana kule kukatosha. Alikuwa amepanda zile ngazi. Na bila shaka ameuliza ngozi imekwenda wapi, na amejibiwa, akapewa na kioo auone mzunguko. Ni kazi ya mama yetu wote wawili, asingeweza kukosea.

Nilingoja. Angeweza kusema, na nyumba ile ile ingekuwa si nyumba tena.

“Mwenzako mzima?” mama alimuuliza.

“Mzima. Amenuna.”

“Sanduku vipi, hukupata mnunuzi?”

“Nimelipeleka.”

“Wakasemaje? Walizionaje?”

Kaka aliangalia vidole vyake, vina grisi isiyotoka. Alikaa hivyo mpaka nikasikia friji ya jikoni ikijizima.

“Yule mzee amesema,” akaanza. “Amesema tangu afungue duka hajawahi kuletewa sanduku zima linang'aa hivi.”

“Ahaa,” mama akasema. Akakaa sawa. “Nilimwambia baba yenu. Miaka yote nilimwambia aniachie.”

“Nimeonelea tusiuze, mama. Zikae hapa kabatini alipoziweka.”

“Na kiwanja chako?”

“Kiwanja kitapatikana.”

Hakunitazama aliposema hivyo. Nilidhani nitasikia nafuu, au huruma, au hata haya. Kilichokuja kilikuwa kidogo sana, kama mguu unavyoanza kuwasha.

Mama alikuwa ameshafungua sanduku. Akainua moja kwenye mwanga, akaguna. “Hao wa dukani nao, vidole vyao vimejaa mafuta. Tazama wamezitia ukungu.” Akaenda chumbani, akarudi na shuka, kitambaa na ule unga wa pinki. Akaketi sakafuni. Mimi nikajongea, lakini alikuwa ameshamtupia kaka taulo.

“Wewe kausha,” alimwambia. “Usiache maji.”

Kaka akashuka kwenye kiti, akakaa chini na suruali yake ya kazi, akapokea ya kwanza. Mimi nikaenda kuchota maji.